Mwami M'siri wa Bunkeya

M'siri alizaliwa Unyamwezi, mashariki ya ziwa Tanganyika. Jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa. Baba yake Kalasa alikuwa mfanya biashara, naye alisafiri mpaka Katanga kununua shaba. Kijana akaifuata njia ya baba yake. Karibu na mwaka 1856 alikaa Katanga pamoja na watu wake. Watu hao waliitwa Wayeke.

Wayeke walikuwa wachache, lakini walikuwa na bunduki. Wakuu wa nchi walimwita M'siri awasaidie katika vita vyao. Akawasaidia, kisha hakuondoka. Aliwashinda mmoja mmoja wale waliompokea, akajifanya Mwami wao. Hata nguvu za Kazembe, aliyepokea kodi ya nchi ile tangu zamani, alizivunja.

Mji wake Bunkeya ukawa mkubwa sana. Misafara ilitoka pande mbili: Waswahili walitoka pwani ya mashariki, na watu wa Bihe walitoka Angola, upande wa magharibi. Walileta bunduki, baruti na nguo. Walichukua shaba, pembe za tembo, chumvi na watumwa.

M'siri alikuwa na akili na bidii, lakini alitawala kwa hofu. Mafuvu ya adui zake yalitundikwa juu ya miti mjini. Watu walimtii, lakini wengi hawakumpenda.

Wakati ule mataifa ya Ulaya yalishindana kugawana Afrika. Mwaka 1885 Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, aliitia Katanga ndani ya mipaka ya Dola yake ya Kongo. Aliichora katika ramani, na M'siri hakuulizwa. Huko kusini Cecil Rhodes na kampuni yake ya Kiingereza waliitamani nchi ile ile kwa sababu ya madini yake.

Mwaka 1890 Alfred Sharpe alifika Bunkeya kwa ajili ya Waingereza. Alitaka M'siri akubali mkataba. M'siri akakataa. Mwaka 1891 Paul Le Marinel alifika kwa ajili ya Leopold, na baada yake Alexandre Delcommune. Nao hawakupata kibali cha kutwekwa bendera mjini. M'siri alifikiri kwamba ataweza kuwaweka Wazungu mbali, huku akinunua baruti yao.

Lakini nyumba yake mwenyewe ilikuwa inapasuka. Mwaka ule ule Wasanga waliasi. Mashamba yakaachwa, njaa ikaingia.

Tarehe 14 Desemba 1891 msafara mwingine wa Leopold ulifika kutoka Zanzibar, na mkubwa wake aliitwa William Stairs. Stairs hakuwa na saburi. Alitweka bendera ya buluu yenye nyota juu ya kilima bila ruhusa ya Mwami. Usiku M'siri akaondoka, akaenda kijiji cha karibu, Munema. Kesho yake, tarehe 20 Desemba, Kapiteni Omer Bodson alitumwa na askari kumleta. Ugomvi ukatokea, Bodson akampiga M'siri risasi. M'siri akafa palepale, katika nchi aliyoitawala miaka mingi. Bodson naye alipigwa risasi, akafa. Stairs aliugua, akafa mwaka 1892 kabla ya kufika kwao.

Mukanda Bantu, mtoto wa M'siri, alipokea utawala chini ya Dola. Hivi Katanga ikabaki upande wa Kongo, na nchi ya ng'ambo ya Luapula ikawa ya Waingereza. Leo ni Zambia. Watu wa kabila moja wakajikuta chini ya bendera mbili.

Wapiganapo tembo wawili, nyasi ndizo huumia. M'siri aliuawa pasipo haki, kwa sababu alikataa bendera ya wageni. Lakini siku ile ya hatari wale aliowaonea hawakusimama upande wake. Bunduki zaweza kuanzisha ufalme; haki ndiyo huulinda.