Jules Bordet, Mbelgiji aliyegundua kijidudu cha kifaduro

Kifaduro, ambacho huku kwetu wengi wanakiita coqueluche, kinajulikana kwa mlio wake. Mtoto anakohoa mfululizo hadi pumzi inamwishia, kisha anavuta hewa kwa sauti kali. Lakini kijidudu kinacholeta ugonjwa huo kilipatikana tu mwaka 1906, kwa kazi ya daktari Jules Bordet.

Bordet alizaliwa tarehe 13 Juni 1870 mjini Soignies, Ubelgiji. Alimaliza masomo ya udaktari Brussels mwaka 1892, na miaka miwili baadaye akaenda kufanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Huko alichunguza namna damu inavyopambana na vijidudu, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919.

Mwaka 1900 aliona kwa hadubini vijidudu vidogo sana katika makohozi ya mtoto mwenye kifaduro. Kuviona hakukutosha. Ilibidi avioteshe maabarani, navyo havikuota. Mwaka 1901 alirudi Brussels kuongoza Taasisi ya Pasteur ya huko. Pamoja na mwenzake Octave Gengou, alitengeneza chakula cha vijidudu kwa viazi, gliserini na damu. Ndipo vikaota.

Wawili hao waliona pia kwamba vijidudu huwa vingi mwanzoni mwa ugonjwa, kisha hupungua. Jambo hilo linawahusu wazazi hadi leo. Katika wiki moja au mbili za kwanza, mtoto ana mafua, kikohozi chepesi na pengine homa kidogo. Anaonekana hana shida kubwa, lakini tayari anaambukiza sana. Mlio unaposikika, huenda wadogo zake wameshaambukizwa.

Dalili nyingine ni kutapika baada ya kukohoa, na uso au midomo kugeuka rangi ya bluu. Mtoto mchanga anaweza asitoe mlio kabisa, bali akaacha kupumua kwa muda. Huyo apelekwe hospitalini mara moja.

Bordet alifariki Brussels tarehe 6 Aprili 1961. Kijidudu hicho kinaitwa Bordetella pertussis kwa heshima yake. Kinga dhidi yake imo katika chanjo ya penta, ambayo watoto wa RDC wanapewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14.