Joe Rantz: Alitelekezwa na baba, akapata namba kwenye boti ya dhahabu

KILA kijana aliyewahi kucheza mpira anaujua uchungu wa kutafuta namba. Mnafika uwanjani mko mia moja, kocha anataka wachache, na wengine wote watarudi nyumbani na viatu vyao mkononi. Wengi huenda kwenye majaribio kwa sababu wanaupenda mchezo. Wapo pia wanaokwenda kwa sababu bila namba hiyo hawajui watakula nini.

Joe Rantz alikuwa wa kundi hilo la pili. Ila mchezo wake haukuwa soka. Ulikuwa mbio za makasia, na namba aliyoigombea ilikuwa kiti ndani ya boti.

Alizaliwa mwaka 1914 katika mji wa Spokane, jimbo la Washington, huko kaskazini magharibi mwa Marekani. Mama yake alifariki kwa saratani ya koo Joe akiwa na miaka minne tu. Baba yake, Harry, alioa tena, na huyo mama wa kambo na Joe hawakuiva chungu kimoja. Akiwa na umri wa miaka 10 hivi alitolewa nyumbani, akawa analala kwenye jengo la shule na kupasua kuni ili apate chakula.

Baadaye walimrudisha, familia ikahamia kijiji cha Sequim. Kisha ukaja mwaka 1929, mwaka ambao uchumi wa Marekani ulianguka na watu wakapoteza kila kitu. Siku moja Joe alitoka shule akakuta gari limepakiwa mizigo, baba, mama wa kambo na wadogo zake wako tayari kwa safari. Yeye hakuwa na nafasi. Baba akawasha gari, wakaondoka. Joe akabaki barazani, umri wake miaka 15.

Dogo hakufa njaa. Alichuma uyoga na matunda ya porini, akavua samaki kwa wizi mtoni, akakata magogo, akafanya kila kibarua kilichojitokeza, na shule hakuacha. Somo aliloondoka nalo Sequim lilikuwa moja: usimtegemee mtu. Somo hilo lilimwokoa. Baadaye nusura limkoseshe namba.

KOCHA MLANGONI

Kaka yake mkubwa, Fred, alikuwa mwalimu jijini Seattle. Alimwita Joe aje amalizie mwaka wake wa mwisho wa sekondari katika shule ya Roosevelt. Joe akaenda, akajiunga na timu ya jimnastiki ya shule.

Siku moja akiwa kwenye mazoezi, ananing'inia na kujizungusha kwenye chuma, kuna mtu mrefu aliyevaa nadhifu alisimama mlangoni akimtazama. Alikuwa Al Ulbrickson, kocha mkuu wa timu ya makasia ya Chuo Kikuu cha Washington. Kama skauti wa soka anayezunguka viwanja vya shule, Ulbrickson alikuwa anatafuta vijana warefu wenye mabega. Alimwachia Joe kadi yake na kumwambia kwamba akifika chuo, aje kujaribu makasia.

Kadi hiyo haikulipa ada. Baada ya kumaliza shule mwaka 1932, Joe alirudi Sequim akafanya kazi za sulubu mwaka mzima, zikiwemo za kujenga barabara kwa sururu na koleo, hadi alipopata fedha za kuanzia. Oktoba 1933 alijitokeza kwenye majaribio pamoja na vijana wengine wapatao 175. Boti ya kwanza ya wageni ilikuwa na nafasi tisa.

Wengi wao walitoka familia zenye uwezo. Joe alivaa sweta lilelile lililochakaa kila siku, wakamcheka. Hawakujua kwamba kwake jambo lilikuwa zito kuliko mchezo: aliyeingia timu alikuwa na uhakika wa kibarua pale chuoni, na bila kibarua Joe asingeweza kuendelea na masomo. Kukatwa timu kulikuwa ni kurudi kwenye sururu.

Baridi, mvua na mikono iliyochubuka vikawapunguza mmoja mmoja. Joe, ambaye hakuwahi kushika kasia la mashindano, alikuwa amezoea mateso makubwa kuliko hayo. Kufikia 1934 alikuwa ndani ya boti ya mwaka wa kwanza iliyokwenda Poughkeepsie, New York, na kushinda mashindano ya vyuo ya taifa.

BENCHI NA SOMO JIPYA

Boti ya watu wanane si kama timu ya soka inayoweza kubebwa na straika mmoja mwenye miguu ya dhahabu. Wapigaji kasia wote wanane wanakaa wameupa mgongo mwelekeo wanaokwenda. Anayeona mbele ni mmoja tu, yule mdogo wa nyuma anayeshika usukani na kuwapa amri. Kila mmoja ana kasia moja. Ukivuta kwa nguvu kuliko wenzako, husaidii timu, unaipindisha boti.

Hapo ndipo Joe alipokwama. Nguvu alikuwa nazo, lakini alivuta kama mtu aliye peke yake. Siku moja anang'ara, siku ya pili anaharibu. Mwaka 1935 boti yao ilishushwa na kuwa kikosi cha pili, na mwanzoni mwa 1936 Joe alikuwa anahamishwa boti hii na ile kama mchezaji ambaye kocha hajui amweke wapi.

Aliyemsaidia hakuwa kocha. Alikuwa George Pocock, fundi Mwingereza aliyechonga boti za timu kwa mbao za mwerezi katika karakana iliyokuwa hapohapo kwenye jengo la timu. Pocock aliketi na Joe, akamfahamisha kwamba tatizo lake kubwa si ufundi. Kinachokosekana ni kuwaamini wale walio nyuma na mbele yake.

Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye hajawahi kuachwa barazani. Lakini Joe aliusikia. Masika ya 1936 akaingizwa kwenye boti ya kwanza, na wenzake wakampokea kama waliyekuwa wanamsubiri. Akakabidhiwa namba 7, nyuma kidogo ya kinara anayeweka mwendo wa timu nzima, Don Hume. Hakuitoa tena.

BERLIN 1936

Timu ikabeba ubingwa wa vyuo, kisha ikashinda mchujo wa kwenda Olimpiki. Wakaambiwa nauli hakuna, watafute dola 5,000 wenyewe la sivyo nafasi inakwenda kwa wengine. Watu wa Seattle wakachanga hadi fedha zikatimia ndani ya siku chache.

Fainali ilipigwa Agosti 14 katika ziwa lililoko Grünau, pembezoni mwa Berlin, Hitler akiwa jukwaani. Siku hiyo Wajerumani walikuwa tayari wamechukua dhahabu tano kati ya sita zilizotangulia. Wamarekani wakapangiwa njia ya sita, ya nje kabisa, kwenye upepo mkali. Wajerumani na Waitaliano walikuwa upande wenye kinga.

Baya zaidi, Hume alikuwa mgonjwa hoi. Ulbrickson aliamua kumwacha nje. Vijana wakamwendea kocha wakagoma kukubali: Hume akae kwenye kiti chake, wao watamfikisha. Joe alikuwa miongoni mwao, yule aliyeapa kutomtegemea mtu.

Amri ya kuanza hawakuisikia vizuri kwa sababu ya upepo, wakachelewa kutoka. Katikati ya mbio ya mita 2,000 walikuwa nyuma, na Hume alionekana kama mtu anayelala huku anapiga kasia. Bobby Moch, mshika usukani, akataka mwendo upande. Ghafla Hume akaamka. Joe nyuma yake akaufuata mwendo ule, na wengine sita nyuma ya Joe. Wakawapita mmoja baada ya mwingine huku kelele za mashabiki zikimeza sauti ya Moch, hadi akawa anagonga ubavu wa boti ili wasikie mdundo.

Marekani dakika 6:25.4. Italia 6:26.0. Ujerumani 6:26.4. Boti tatu ndani ya sekunde moja.

MWISHO WA SAFARI

Mama wa kambo alikuwa amefariki mwaka 1935, na Joe alishapatana na baba yake. Mzee Harry alikuwa amejenga nyumba mpya, na safari hii ilikuwa na chumba cha Joe.

Mwaka 1939 Joe alimwoa Joyce Simdars, mpenzi wake tangu shule ya Sequim, siku ileile walipohitimu chuo. Alifanya kazi Boeing miaka 35, wakalea watoto watano. Wale waliobaki wa boti ile waliendelea kukutana, na mwaka 1986, nusu karne baada ya Berlin, walipanda tena boti yao na kupiga kasia.

Joe alifariki Septemba 2007 akiwa na miaka 93. Kitabu cha Daniel James Brown cha mwaka 2013, na filamu ya George Clooney miaka kumi baadaye, vimelifikisha jina lake kwa watu wasiowahi kuona kasia la mashindano. Boti yenyewe, Husky Clipper, imetundikwa darini kwenye ukumbi wa chakula wa timu ya makasia pale chuoni. Vijana wanaokuja kugombea namba hula chini yake, na kiti cha saba bado kipo.