Gay-Lussac, Mpimaji wa Fedha

Joseph Louis Gay-Lussac alizaliwa mwaka 1778 huko Saint-Léonard-de-Noblat, katika nchi ya Ufaransa. Alipokuwa bado kijana, machafuko makuu yalitokea nchini, na mwaka 1793 baba yake akatiwa kifungoni. Hata hivyo kijana hakuacha masomo. Baadaye alikwenda Paris, akaingia chuo cha École Polytechnique. Bwana Berthollet, mtaalamu mkubwa, alipoiona bidii yake alimfanya msaidizi wake.

Mwaka 1804 alipanda hewani peke yake kwa puto, akafika juu kadiri ya meta 7,000, penye baridi kali na hewa haba. Huko akajaza hewa katika chupa. Aliposhuka aliipima, akaona kuwa ni sawa na hewa ya chini. Mwaka 1808 dawa alizokuwa akizijaribu zililipuka, zikamwumiza macho. Lakini alipopata nafuu akairudia kazi yake.

Mwaka 1829 aliwekwa kuwa mpimaji mkuu katika nyumba ya serikali ya kupigia sarafu mjini Paris. Sheria iliagiza kwamba katika kila sehemu 1,000 za sarafu, 900 ziwe fedha, na zilizobaki shaba. Wapimaji wa zamani waliyeyusha kipande cha sarafu pamoja na risasi katika kikombe cha majivu ya mifupa. Kikombe kilifyonza risasi na shaba, fedha ikabaki. Lakini fedha kidogo ilipotea pia, hata sarafu iliyo kamili ikahesabiwa pungufu. Kosa hilo lilikuwa dogo kwa sarafu moja, bali kubwa kwa hazina ya taifa zima.

Basi Gay-Lussac akatafuta njia nyingine. Aliyeyusha kipande katika asidi ya nitriki, fedha ikawa nitrati ya fedha. Kisha akatia maji ya chumvi, na mara ukatokea ukungu mweupe kama maziwa. Chupa ilipotikiswa, ule weupe ulishikamana ukazama, maji yakawa safi. Ukungu ulipokoma kutokea, fedha yote ilikuwa imekwisha kushikwa.

Maji yale aliyapima kwa uangalifu: sentimeta za ujazo 100 zilishika gramu 1 ya fedha kamili. Akatengeneza na mengine yenye nguvu ya sehemu moja ya kumi, ambayo sentimeta moja ilishika miligramu 1. Kwa mfano, kipande cha miligramu 1,115 kikitumia 100 za maji makali na 3 za maji hafifu, fedha yake ni miligramu 1,003, yaani karibu 900 katika 1,000. Sarafu hiyo ni halali.

Mwaka 1832 aliichapisha njia hiyo ili wengine waifuate. Alikufa Paris mwaka 1850. Hata leo wapimaji hutumia nitrati ya fedha kutambua kadiri ya chumvi iliyomo katika maji, wakihesabu matone kwa uaminifu kama yeye.