Hata Gandhi Alilia Mwaka wa Kwanza

Kila mwaka vijana wetu wa Pwani hupanda basi kwenda vyuo vikuu vya bara, na wiki chache baadaye simu huanza kuingia nyumbani: chakula hakiliki, masomo hayaingii, nataka kurudi. Mzazi anayepokea simu hiyo asidhani mwanawe ni mvivu. Mohandas Gandhi, aliyeongoza harakati za uhuru wa India, mwaka wa kwanza ulimshinda.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 Porbandar, mji wa bandari magharibi mwa India. Mwaka 1888 aliingia Chuo cha Samaldas mjini Bhavnagar. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, akawa hafuati kitu. Muhula mmoja tu, akarudi kwao.

Rafiki wa familia alishauri apelekwe London kusomea sheria. Kakake, Laxmidas, akatafuta pesa. Mamake, Putlibai, hakutoa ruhusa mpaka kijana alipoapa kuwa hatagusa pombe, nyama wala mwanamke. Wazee wa tabaka lake huko Bombay walimtenga kwa kukubali kuvuka bahari. Hata hivyo aling'oa nanga tarehe 4 Septemba 1888, akiwa na miaka 18, akamwacha mkewe Kasturba na mtoto mchanga.

Melini hakuthubutu kukaa mezani na wenzake. Uma na kisu hakuvijua, na kuuliza chakula kipi kina nyama aliona haya. Alijifungia chumbani akala matunda na vitamutamu alivyotoka navyo. London, usiku machozi yalimtoka akikumbuka kwao. Mboga alizopikiwa zilichemshwa tu, hazina chumvi wala viungo, na kuomba zaidi ya vipande viwili vitatu vya mkate aliona aibu. Rafiki yake alimshikilia ale nyama, akimwambia kiapo cha nyumbani hakina kazi ugenini. Gandhi alikataa, maana ahadi ni deni. Alitembea mitaa mingi akitafuta, hadi akapata mkahawa usiopika nyama karibu na Farringdon Street. Siku hiyo ndiyo alishiba.

Njaa aliishinda, lakini ukaja mtego mwingine: kutaka kufanana na wenyeji. Alishona suti ya pauni 10 Bond Street, akanunua kofia ndefu na fidla, akalipa pauni 3 za masomo ya dansi ingawa miguu haikufuata muziki. Ilimchukua kama miezi mitatu kuzinduka kwamba alikuja kusoma, tena kwa pesa za kakake. Masomo ya dansi na fidla akayaacha. Alianza kuandika kila senti aliyotumia, baadaye akahamia chumba kimoja cha bei nafuu, akajipikia uji wa shayiri na kwenda masomoni kwa miguu.

Tarehe 10 Juni 1891 alihitimu uwakili. Aliporudi nyumbani ndipo alipoambiwa mamake alikuwa ameshafariki. Familia ilimficha habari hiyo asije akavunjika moyo ugenini. Kiapo chake alikuwa amekitimiza.

Mwaka 1893 aliajiriwa na kampuni ya Dada Abdulla, mfanyabiashara Mwislamu wa Porbandar, kwenda Afrika Kusini. Safarini meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar. Alitetea Wahindi wa huko kwa miaka mingi, akarudi India mwaka 1915, akaona uhuru wa 1947, na tarehe 30 Januari 1948 akauawa kwa risasi.

Kwa hivyo mzazi, simu ikiingia, msikilize mwanao amalize kulia. Kisha muulize anakula wapi, anatembea na nani, na pesa za mkopo ameziandika wapi. Machozi ya Gandhi yaliisha yenyewe. Suti na fidla ndizo zilizokula pesa za kakake.