Alibhai Jeevanjee, mtu aliyeleta watu, mchele na mawe ya reli

Mwenye kujenga hapa Aru anajua taabu yake: matofali yamekwisha kuchomwa, fundi amefika, lakini simenti ingali upande wa Uganda. Kamyo imekwama kwenye matope, ao inangoja makaratasi ya duane. Fundi anakaa bure na siku yake inalipwa.

Zaidi ya miaka 120 iliyopita, taabu hiyo hiyo iliwangoja Waingereza waliotaka kujenga reli toka Mombasa mpaka ziwa Victoria, karibu kilometa 930. Mtu mmoja alitajirika kwa kuwasaidia: Alibhai Mulla Jeevanjee.

Alizaliwa mwaka 1856 kule Karachi, mji ambao leo ni wa Pakistan, katika jamaa ya Waislamu Wabohora. Masomo ya shule hakupata mengi. Alitoka nyumbani angali kijana, akazunguka India, kisha mwaka 1886 akafika Adelaide, Australia, akiuza bidhaa za Mashariki. Mwaka 1890 akateremka Mombasa. Kwanza alifanya kazi na kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani, akiiletea mafundi na vibarua toka India.

Reli ilipoanza mwaka 1896, kandarasi ya kuleta wafanyakazi ikawa yake. Kundi la kwanza lilikuwa watu 350 tu. Lakini Jeevanjee alielewa jambo ambalo wengi hawalioni: kuleta watu bila chakula ni kuleta njaa, na kuleta chuma bila mawe ni kuleta mzigo. Basi akashika na kandarasi za chakula cha wafanyakazi, za kuchimba udongo, za kupasua miamba na za kujenga nyumba za muda. Akawa na meli zake pia.

Tufikiri kidogo ile kazi. Reli zilitoka ng'ambo. Mataruma yalikuwa ya chuma, kwa sababu ya mti yangeliwa na mchwa. Katika nyika ya Taru hakuna maji, kwa hiyo hata maji ya kunywa yalipakiwa kwenye treni na kufuata wafanyakazi. Njia yenyewe ndiyo ilibeba vifaa vya kuirefusha. Ikikatika nyuma, wa mbele wote wanasimama. Ndiyo sababu walipofika Nairobi mwaka 1899, mahali penye tambarare kabla ya milima, waliweka hapo ghala na karakana. Mji mkuu wa Kenya ulianza hivyo, kama depo ya vifaa.

Mwishoni mwa 1901 reli iligusa ziwa kwenye mji tunaouita leo Kisumu. Hesabu ya Wahindi walioletwa kwa kazi hiyo, kwa mkono wa Jeevanjee na wa wengine, ni 31,983. Waliokufa ni 2,493. Wengine 6,454 walirudishwa kwao wagonjwa ao vilema. Wengi wanakumbuka tu simba wa Tsavo, ambao mwaka 1898 waliwakimbiza vibarua mpaka kazi ikasimama. Lakini magonjwa yaliua kupita simba, mbali kabisa. Faida ya Jeevanjee ilitoka katika kazi ya watu hao, na mwenye kusimulia maisha yake bila kutaja hivyo anapamba.

Kwa pesa hizo alianzisha gazeti huko Mombasa, ambalo baadaye aliliuza. Leo linaitwa The Standard. Alijenga soko Nairobi mwaka 1904, na mwaka 1906 akatoa bustani kwa wakaaji wa mji. Mwaka 1909 akaingia katika baraza la kutunga sheria, Mhindi wa kwanza humo. Hapo njo alikutana na ukuta: serikali iliyotumia mawe na watu wake haikutaka Wahindi wapate mashamba kwenye nyanda za juu, zilizowekewa wazungu. Alipigana nayo miaka mingi, mpaka London.

Alikufa Nairobi mwaka 1936, sehemu kubwa ya mali yake ikiwa imekwisha. Bustani ingali na jina lake. Reli nayo ilisogea polepole: ilifika Kampala mwaka 1931, na Pakwach, kando ya Nile, mwaka 1964. Arua haikufika. Mpaka kwetu, simenti inapanda kamyo.