Maisha ya Karl Drais, Bwana Misitu Aliyeunda Baisikeli ya Kwanza

Mwinjilisti wa upande wa Bariadi ana njia yake ya mviringo. Hutoka mjini alfajiri, hushika vijia vya ng'ombe kati ya mashamba ya pamba, huteremka katika mabonde ya mito Simiyu na Duma, husali katika kanisa dogo la udongo kijiji hiki, hulala kijiji kile, na mwisho wa juma hurudi mlangoni pake kwa njia nyingine. Wakati wa kiangazi huvuka mchanga wa mto akiisukuma baisikeli yake. Wakati wa mvua udongo mweusi wa mbuga hunata katika magurudumu hata yasizunguke. Ndipo baisikeli iliyombeba jana, leo yeye huibeba begani.

Vijana wa kipaimara wameniuliza ni nani aliyekiunda kwanza chombo hiki. Nikaona aibu kwamba nimekipanda miaka mingi pasipo kumjua mwenyewe. Basi nimetafuta habari zake, nami naziandika hapa.

Jina lake Karl Drais. Alizaliwa tarehe 29 Aprili 1785 katika mji wa Karlsruhe, nchi ya Baden, ambayo siku hizi ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa jaji mkubwa na mtu wa ukoo wa heshima, hata mtawala wa nchi mwenyewe alisimama kuwa mdhamini wa mtoto katika ubatizo. Alipokua alifundishwa kazi ya misitu kwa ndugu ya baba yake, kisha akaenda chuo kikuu cha Heidelberg kujifunza hesabu, elimu ya nguvu za asili na ujenzi. Akafanywa bwana misitu. Lakini moyo wake ulikuwa katika kubuni vyombo, na serikali ikampa ruhusa ya kuacha kazi ya msituni huku akiendelea kupata mshahara wake. Akahamia mji wa Mannheim.

Katika siku zile, mtu asiyekuwa na farasi alikwenda kwa miguu yake. Mwaka 1813 Drais aliunda gari la magurudumu manne liendeshwalo kwa nguvu za watu waliokaa ndani yake. Akalionyesha kwa wafalme, nao wakalitazama kwa furaha, lakini hapana aliyelinunua. Kisha mwezi wa Aprili 1815 mlima wa moto Tambora, katika visiwa vya Indonesia, ulipasuka kwa nguvu nyingi, na vumbi lake likaenea angani duniani pote. Mwaka 1816 Ulaya haikuona majira ya joto. Mvua na baridi viliharibu mazao, nafaka ikawa ghali, watu wakapatwa na njaa, na lishe ya farasi ikawa shida. Wataalamu wengine husema kwamba shida hii ndiyo iliyomrudisha Drais katika kazi yake. Wengine husema alikuwa na wazo lake tangu mbele. Sisi tukaao Usukuma, tuliopata kuona ng'ombe wakianguka kwa ukame, tunajua namna akili ya mtu inavyoamshwa na haja.

Sasa akapunguza magurudumu, yakawa mawili tu, moja nyuma ya jingine. Watu walidhani chombo cha namna hiyo hakiwezi kusimama, nao walisema kweli: kikikaa mahali pamoja huanguka. Lakini Drais alitambua kwamba kikienda mbio, na mpandaji akiligeuza gurudumu la mbele upande ule anaotaka kuangukia, hakianguki. Huo ndio moyo wa baisikeli, na mpaka leo haujabadilika. Chombo chenyewe kilikuwa cha mti, uzito wake kama kilo 22. Hakikuwa na mnyororo wala vikanyagio. Mpandaji alikaa juu ya tandiko akasukuma ardhi kwa miguu yake, mguu huu kisha mguu huu.

Tarehe 12 Juni 1817 alitoka nyumbani kwake Mannheim, akafuata barabara nzuri ya kwenda Schwetzingen mpaka nyumba moja ya kubadilishia farasi, akageuza, akarudi. Safari yote ilikuwa kama kilomita 14, naye aliimaliza kabla ya saa moja kwisha. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya baisikeli iliyoandikwa katika habari za dunia. Nayo, kama safari ya mwinjilisti wetu, ilimrudisha msafiri nyumbani kwake.

Tarehe 12 Januari 1818 serikali ya Baden ilimpa hati ya miaka kumi kwamba mtu mwingine asikiunde chombo hicho pasipo ruhusa yake. Mtawala akampa pia cheo cha profesa wa elimu ya mitambo. Lakini hati ile ilikuwa na nguvu katika Baden peke yake. Mafundi wa Ufaransa na Uingereza wakaunda vyombo vya namna ile ile, wakauza, wala mwenye kubuni hakupata faida. Tena barabara zilikuwa mbaya, zimejaa mashimo ya magari ya farasi. Wapandaji wakakimbilia njia za waendao kwa miguu, wakagongana na watu. Basi mji baada ya mji ukakataza: Mannheim, Milan, London, hata Kolkata katika nchi ya India. Watu wakacheka, wakakiita kitu cha mchezo, na baada ya miaka michache wakakiacha.

Taabu nyingine ikamjia kutoka nyumbani. Mwaka 1819 mwanafunzi mmoja, Karl Sand, alimwua mwandishi August von Kotzebue huko Mannheim. Baba yake Drais, jaji mkubwa, hakutaka mwuaji asamehewe, na mwaka uliofuata Sand akakatwa kichwa. Wanafunzi wengi walimpenda Sand. Wakamchukia jaji, na chuki yao ikamwangukia mwanawe. Mwaka 1822 Drais akasafiri mpaka Brazil, akafanya kazi ya kupima ardhi, akarudi mwaka 1827. Hakuacha kubuni. Aliunda mashine ya kuandikia yenye vibonye, na mashine ya kusagia nyama, na jiko lenye kupunguza kuni. Lakini fedha haikukaa mkononi mwake, na wenye kumdhihaki hawakupungua. Mwaka 1838 alinusurika kuuawa, kisha akakaa miaka kadhaa katika kijiji cha milimani mbali na mji.

Mwaka 1848 na 1849 watu wa Baden waliinuka kudai haki zao mbele ya watawala. Drais, mtoto wa ukoo mkubwa, akaliacha jina lake la ubwana hadharani, akataka aitwe raia Karl Drais tu. Jeshi la Prussia lilipoyashinda maasi hayo, wakubwa waliorudi hawakumsahau. Malipo yake ya uzeeni yakazuiliwa kulipia gharama za vita, na wengine wakajaribu kumtangaza kuwa mwenye wazimu. Tarehe 10 Desemba 1851 akafa Karlsruhe, maskini, wala hakujua kwamba kazi yake itazunguka dunia.

Maana baada yake wengine waliiendeleza. Miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia vikanyagio katika gurudumu la mbele. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitengeneza baisikeli yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama huko Belfast, alipata hati ya tairi la upepo. Waendesha baisikeli wa Ujerumani wakamkumbuka mzee wao: mwaka 1891 mifupa yake ilihamishiwa makaburi makubwa ya Karlsruhe, na mwaka 1893 wakamjengea ukumbusho. Na huko Goma, mashariki ya Kongo, watu huchukulia mizigo chukudu, chombo cha mti cha magurudumu mawili, kisicho na vikanyagio, kisukumwacho kwa mguu. Drais angekiona leo angetambua mara moja kwamba ni jamaa ya chombo chake.

Ndugu zangu, katika maisha haya naona mambo mawili. La kwanza, mtu huyu hakuvuna alichopanda. Kama angepima kazi yake kwa faida aliyoiona, angeivunja siku ile miji ilipokataza. Vivyo hivyo mwinjilisti azungukaye vijiji kumi na kukuta watu watatu katika kanisa la kumi, asiihesabu safari yake kuwa ya bure. La pili linatuhusu sisi tunaotazama. Katika vijiji vyetu wako vijana wanaochonga magurudumu ya mti na kufunga vyuma kwa kamba, nasi wakubwa huwacheka, au huwafukuza wakachunge. Waliomcheka Drais walikuwa watu wenye elimu na heshima, tena walikosa.

Basi, mwinjilisti wako atakapotokea bondeni jioni, suruali imejaa matope na baisikeli i begani, mpokee, mpe maji, umsaidie kuutoa udongo katika magurudumu. Kisha mwite kijana wako aje atazame jinsi chombo kile kilivyoundwa, naye akitaka kujaribu kukiunda cha kwake, usimzuie.