Herufi Tatu za James Lansing

Kila mwanzo wa muhula huwauliza wanafunzi wangu wa fonetiki swali ambalo halimo katika silabasi: zile herufi JBL wanazoziona kwenye spika za matatu, za makanisani na hizi ndogo za kubebwa mkononi, ni za nani? Aghalabu hunijibu kuwa ni jina la kampuni. Hawajakosea. Hata hivyo, kabla ya kuwa kampuni herufi hizo zilikuwa mtu, James Bullough Lansing, nami humkumbuka kila niingiapo katika ukumbi ambamo neno moja husikika mara mbili.

Mtu huyo alizaliwa tarehe 14 Januari 1902 katika jimbo la Illinois, Marekani, akiwa wa tisa miongoni mwa watoto 14. Wazazi walimwita James Martini. Alianza maisha kama fundi wa magari, ingawa moyo wake ulikuwa katika redio, na mwaka 1927 yeye na rafiki yake Ken Decker walifungua karakana ya kutengeneza spika mjini Los Angeles. Ni katika kipindi hicho alipolivua jina la Martini na kujivika la Lansing. Wakati walikuwa wameuchagua vyema, maana mwaka uo huo sinema zilianza kusema.

Hapa msomaji anivumilie kidogo. Vikuza sauti vya siku zile vilikuwa na nguvu haba, ilhali jumba moja la sinema liliweza kuketisha maelfu. Dawa ilikuwa pembe. Kama vile pumzi ya mpigaji siwa inavyoingia kwenye tundu jembamba na kutoka kwenye mdomo mpana ikiwa na kishindo, ndivyo utando mdogo wa spika unavyoweza kulijaza jumba ukifungiwa kwenye pembe. Taabu ni kwamba sauti nyembamba hutosheka na pembe fupi, lakini sauti nzito hudai pembe ndefu, na pembe ndefu hukunjwa ili ipate mahali pa kukaa. Basi sauti moja iliyotoka kwenye filamu iligawanywa mara mbili, ikapita njia mbili zisizolingana urefu, kisha ikatarajiwa kumfikia msikilizaji ikiwa bado ni moja.

Katikati ya miaka ya 1930, Douglas Shearer, mkuu wa idara ya sauti ya kampuni ya filamu ya MGM, aliazimia kuunda mfumo bora zaidi, na kazi ya kuuongoza uhandisi wake ikamwangukia John Hilliard. Walianza na mfano uliokuwa na sifa kubwa: mitambo ya Harvey Fletcher na wenzake wa Bell, ile iliyoupeleka muziki wa okestra ya Philadelphia hadi Washington kwa njia ya simu mwaka 1933. Muziki ulipendeza. Ikaja filamu ya Eleanor Powell, mchezaji wa ile dansi ya kugonga sakafu kwa viatu vyenye vibati, na kila pigo la kiatu likasikika mawili.

Pembe ya sauti nzito ilikuwa ndefu kuliko ya sauti nyembamba kwa futi kadhaa. Tuchukue futi 8, yaani kama mita 2.4. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mlio mkali wa kibati hutangulia na mshindo wa sakafu hufuata baada ya sehemu 7 kwa elfu za sekunde. Nani angedhani kuwa sikio la binadamu lina ujuzi wa kuhesabu muda mdogo hivyo? Fidla haikuifichua kasoro hiyo, wala mwimbaji, kwa sababu sauti iliyovutwa hufunika mwanzo wake yenyewe. Ilihitajika sauti fupi, yenye makali, inayokufa mara tu izaliwapo.

Mwanaisimu atatambua mara moja kwamba sauti za namna hiyo zimo vinywani mwetu. Ndizo konsonanti za vipasuo: p, t, k. Mzawa wa Mombasa hutofautisha kaa la moto na kaa wa baharini kwa pumzi fupi mno inayoifuata k ya mnyama. Niliwahi kutoa mhadhara katika ukumbi, sitasema wapi, ambao spika zake zilipangwa mbele na nyuma bila mtu kujali umbali uliozitenga. Waliokaa nyuma walinisikia kwanza masikioni pao, halafu tena kutoka jukwaani. Kwa dakika 50 nilieleza tofauti ambayo nusu ya darasa haikuwa na njia ya kuisikia, na fundi, alipolalamikiwa, aliongeza sauti! Nionavyo mimi, huo ndio ugonjwa wetu: tunadhani asiyesikia vyema amekosa kelele.

Hilliard na wenzake hawakuongeza kelele. Waliifupisha pembe ya sauti nzito na kuipanga ile ndogo hadi njia mbili zikakaribia kulingana. Mitambo yenyewe iliyoitetemesha hewa ndani ya pembe, iliyotaka mikono yenye uangalifu wa sonara, ilitoka katika karakana ya Lansing. Mwaka 1937 Akademia ya filamu ya Marekani iliutunuku mfumo huo, na tuzo ikaandikwa kwa jina la Shearer na idara yake. Lansing hakutajwa.

Mwaka 1939 Decker, aliyekuwa akishika hesabu, alikufa katika ajali ya ndege, na karakana ikaanza kuyumba. Mwaka 1941 ilinunuliwa na kampuni ya Altec, Lansing akiwa mwajiriwa wa kuunda vifaa, na katika miaka hiyo alishiriki kuunda spika za majumba ya sinema zilizoenea kote Marekani. Mwaka 1946 alitoka na kuanza upya. Waajiri wake wa jana wakapinga namna alivyolitumia jina la Lansing katika biashara, kwani walikuwa wamelinunua pamoja na karakana. Ndiyo sababu kampuni mpya ikaishia kuitwa kwa jina lake kamili.

Spika alizounda humo zilikuwa bora. Madeni nayo yaliongezeka. Septemba 1949, akiwa na umri wa miaka 47, Lansing alijitoa uhai. Kampuni yake ilinusurika mikononi mwa William Thomas, ikisaidiwa na fedha za bima ya maisha ya marehemu, na baadaye, kwa wepesi wa matamshi, ikabakiza zile herufi tatu. Tangu 2017 ziko chini ya Samsung ya Korea Kusini.